Jino la Mwanangu Halimo Kwenye Boksi

Kwa Ndugu Msimamizi wa Karakana ya Picha za Vipande,

KUH: JINO LA MBELE LA MWANANGU, DAKTARI

Pokea salamu zangu, wewe na wote mnaoshinda na mashine zenu hapo. Mimi ni mzima, isipokuwa moyo wangu una pengo, na pengo hilo mmelitia nyinyi. Naomba uvute kiti usome taratibu. Sikusoma sana, lakini kile kidogo nilichosoma nilikisoma vizuri, na mwanangu akakipokea pale nilipokiachia akaenda nacho mpaka udaktari wa meno. Udaktari kamili, si wa kuvaa koti tu.

Utanikumbuka. Ni mimi niliyewaletea picha ya kijana mtanashati mwenye koti jeupe na tai nyekundu, anacheka. Dada yenu wa kaunta aliuliza, "Huyu ni mwigizaji?" nikamjibu, "Huyu ametoka kwenye tumbo hili hapa." Mkaikata vipande mia tano vya kupangwa upya mezani, mkaitia kwenye boksi lenye sura yake juu, nami nikaipakata njia nzima kama nilivyompakata mwenyewe alipokuwa na wiki moja.

Nikueleze kwa nini niliitaka. Mwanangu amefungua kliniki juu ya duka la vitambaa. Chumba cha kusubiria kina viti vizuri na feni, ila ukuta ni mwembamba. Mgonjwa anaketi, anasikia ile mashine ya kutobolea inalia upande wa pili, ghafla anakumbuka ameacha sufuria motoni. Wote wana sufuria motoni! Hata wanaume wasiojua jiko lao liko chumba gani. Siku moja mwanangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kile kiti kikiendelea kukaa kitupu hadi mwisho wa mwezi, nitaikubali ile kazi ya mbali." Na mbali yenyewe ni kule ambako mtu akitaka kupiga simu anapanda kwanza juu ya tangi la maji. Mtoto wangu apande matangi, na mikono ile!

Nikawaza. Picha ya ukutani mtu huitupia jicho mara moja akarudi kwenye simu yake. Lakini picha ya vipande, ataitafuta pua, ataishika, ataigeuzageuza, na akija kumaliza atakuwa amemzoea daktari kama mpwa wake. Wazo hilo ni langu, sikumwiga mtu. Nikaimwaga kwenye meza ya chumba cha kusubiria. Sasa sikia yaliyonipata.

1. Mmemkata mdomo. Kisu chenu kimepita katikati ya tabasamu. Mdomo wa juu uko na pua, mdomo wa chini umeondoka na kidevu, na meno yametawanyika kila moja na njia yake. Ndugu Msimamizi, huyu mtoto nilimzaa akiwa kipande kimoja, na mkunga ni shahidi. Hakuna aliyeniuliza kisu kipitishwe wapi. Hata fundi nguo huuliza kabla ya kukata kitambaa.

2. Jino moja halimo. Ni la mbele, la juu, lile hasa linalotangulia kuonekana akicheka. Tumelitafuta chini ya mkeka, ndani ya feni, kwenye viatu vya wagonjwa. Nilimwomba fundi cherehani wa chini, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba, ageuze mifuko nje, akageuza kwa heshima zote. Zilitoka pini tu. Na meza yetu ni ya mbao nyeusinyeusi, kwa hiyo picha ikipangwa, pale penye pengo panaonekana mbao. Mtu akitazama haoni kwamba jino limepotea. Anaona limeoza! Daktari wa meno, Ndugu Msimamizi. Afadhali mngepoteza sikio.

3. Mwanangu amepewa jina. Nilimpa jina zuri siku ya kuzaliwa, na yule fundi cherehani kalifuta kwa pumzi moja. Alipokutana naye ngazini alimwuliza, "Daktari, lako lilikwenda wapi? Au ulijifunzia mwenyewe?" Tangu hapo mtaa mzima ni Daktari Kibogoyo. Muuza maji anaelekeza watu, "Panda juu kwa Kibogoyo." Mwanangu ana meno yote, nimeyahesabu mwenyewe yalipokuwa yakiota na kila moja nililikeshea. Sasa nitasimama sokoni nimfungue mdomo kama mbuzi wa mnada?

4. Wagonjwa hawataki tena kuingia. Hapa ndipo mlipotumaliza. Zamani walikuja wakakimbia. Sasa wanakuja, hawakimbii, na hawaingii! Juzi binti wa mapokezi anamwita fundi cherehani, "Zamu yako," naye shavu limejaa kama mto wa kulalia, anajibu, "Ngoja nimalize sikio." Yuko mwalimu mstaafu aliyeimiliki tai, mtu mwingine akigusa chekundu chochote anapigwa kofi la mkono. Waligombania kipande kimoja asubuhi nzima. "Hii pua." "Pua gani, hicho ni kifundo cha tai!" "Mzee, mimi nimeshona tai tangu hujastaafu, usinifundishe kifundo." Mama mmoja alipoulizwa anaumwa jino gani alisema haumwi, amekuja kwa ajili ya nywele. Mwanangu anachungulia mlangoni na glavu mkononi, amesimama kama mgeni kwenye kliniki yake mwenyewe, na mwezi ndio unakwisha.

5. Jino lenye kifungo. Mwalimu mstaafu hapendi kazi isiyokamilika. Basi akachukua kipande cha koti, kwa kuwa nacho ni cheupe, akakishindilia kwenye pengo kwa kisigino cha kiatu. Kikaingia. Lakini kilikuwa na kifungo! Nilipofika kumletea mwanangu chakula nikakuta mezani anacheka, jino la mbele lina kifungo cheusi chenye matundu manne, na kifuani koti lina tundu jeusi kama aliyepigwa risasi. Niliketi. Binti wa mapokezi alinipepea kwa boksi. Mwalimu akaniuliza, "Mama Daktari, si sasa yuko kamili?"

Kwa sababu hizo, na nyingine ambazo nimezimeza ili barua isirefuke, naomba mfanye yafuatayo bila kusukumana.

Mwanzo, tafuteni hilo jino chini ya mashine, mlifute vumbi, mlitume katika bahasha ya peke yake iliyoandikwa USIKUNJE. Kisha mwandike tangazo la kuomba radhi, nilibandike ngazini, liseme wazi kwamba jino lilitokea kwenu na si kwa mwanangu. Tena kuanzia leo, uso wa mtoto usikatwe mpaka mama yake awepo, ameshika picha upande mmoja na fundi ameshika upande wa pili.

Lakini nimefikiri zaidi, na naona hata hayo hayatoshi. Mnitengenezee nyingine, ya kipande kimoja. Najua mtacheka mseme kipande kimoja hakipangiki. Kinapangika vizuri sana: unakitoa kwenye boksi, unakilaza mezani, umemaliza, unaingia kwa daktari. Mtu anayeumwa jino hana haja ya shughuli zaidi ya hiyo. Na kwa kuwa hata kipande kimoja kinaweza kuibwa na wapenda nywele, mkitie kioo kwa mbele na fremu ya mbao pembeni, nyuma muweke kamba, nami nitakitundika ukutani juu sana, asikifikie mtu. Sijui kama kuna aliyewahi kuwaza jambo kama hilo. Mkitaka kuwauzia na wengine, nawaruhusu.

Mkinyamaza, nitakuja na boksi langu na mkeka. Nitaketi mlangoni penu nimpange mwanangu mbele ya wateja wenu, nikifika mdomoni nitapiga yowe. Sauti ninayo.

Nisalimie dada wa kaunta, mwambie mwanangu bado hajaoa. Nisalimie fundi wa kisu, sina kinyongo naye, ila aangalie anapopita. Nisalimie mama yako mzazi pia, mwambie nimekulalamikia kwa adabu, atanielewa kuliko wewe.

Ni mimi niliyeumizwa jino lisilo langu,
Mama Daktari

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeichana. Mwanangu amepita hapa kutoka kazini, amechoka mpaka koti limekunjamana, nami sijamwona amechoka hivyo tangu afungue. Anasema leo fundi cherehani alimaliza sikio, akainuka mwenyewe, akaingia ndani akasema, "Fungua mdomo wewe kwanza." Mwanangu akafungua. Fundi akachungulia, akahesabu kwa kidole, akasema, "Kumbe yote yapo, wewe tapeli," akapanda kwenye kiti akafungua wake. Wa pili naye hivyo hivyo. Mpaka jioni wote walikuwa wanaingia kuhakiki kwanza, na aliyekwisha kumchungulia daktari mdomoni anaona haya kumkatalia wake. Ile mashine ikilia, walioko mezani wanaambiana tu nyamaza, natafuta kidevu. Amewapigia simu wale wa mbali, amewaambia watafute mtu mwingine.

Kwa hiyo jino msilitume. Mkilituma, nitairudisha bahasha bila kuifungua. Na habari ya kipande kimoja isahauni kabisa, ilikuwa hasira.

Dada yake Daktari anafungua duka la miwani mwezi ujao. Picha yake nimeiweka humu ndani. Jicho la kupoteza, chagueni wenyewe.