Lami ya Mbele ya Ofisi Yako

Kwa Mheshimiwa Mhandisi wa Barabara za Mji, au yeyote anayekufungulia barua,

Kuhusu: Ombi la kuhamishiwa mtaani kwetu lami iliyo mbele ya ofisi yako, ili kuinusuru baiskeli moja

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kisichotikisika. Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzi juzi tu. Ninakaa kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Kazi yangu ni kuwapelekea wateja mayai kwa baiskeli. Mtaani wananiita Kimya. Sababu utaielewa mwenyewe ukifikiria kwamba ofisi yako si mbali, na bado nimeona afadhali kuandika.

Ningependa ujue mapema kilichonisukuma, usije ukanidhania mchokozi. Mama mkubwa ametamka mbele ya watu kwamba rimu ikipinda tena, baiskeli inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mimi ninakwenda sokoni kukaa gengeni na kuita wateja. Kuita, Mheshimiwa, kwa sauti. "Mayai! Mayai! Karibu kaka, karibu mama, usinipite!" Nimejaribu maneno hayo chumbani, mlango nimeufunga, na paka aliyelala kitandani hakugeuza hata sikio. Kwa baiskeli sihitaji kusema neno. Ninaweka trei mlangoni, ninapiga kengele, ninaondoka. Kengele ile ndiyo mdomo wangu. Sasa unaona kwa nini siwezi kukubali iende kwenye vyuma chakavu.

Yafuatayo ni malalamiko yangu, kwa namba, kama tulivyofundishwa.

1. Shimo lililo mbele ya kinyozi. Linaitwa Bafu. Sikulipa jina mimi, nimelikuta nalo. Mtaani kwetu mashimo yana majina kwa sababu ndiyo tunayoelekezea wageni. Zamani ukimwelekeza mtu ulimwambia, "Ukifika Bafu kata kulia, lipite Mdogo Wake, nyumba ni ile yenye geti la bluu." Mvua zilizopita, Bafu na Mdogo Wake wameungana. Tangu hapo wageni wanapotea, na mjomba wangu, aliyekuja kutusalimu, alikwenda kula chakula cha mchana nyumba isiyo yetu. Anasema walimkaribisha vizuri kuliko sisi. Mama mkubwa hajalisahau neno hilo, na hasira zake zinaishia kwangu na kwenye baiskeli.

2. Rangi nyeupe. Vijana wa ofisi yako walipita mtaani na kopo la rangi, wakachora mraba kuzunguka kila shimo na kuandika vipimo kwenye karatasi. Tulifurahi mno. Mama mkubwa aliwapa maji ya baridi kwenye glasi za wageni. Wakaaga, wakaenda zao. Mashimo hayakuwa yameambiwa yasubiri, basi yakaendelea kukua, yakaila rangi yote.

Kikosi cha kujaza kilifika msimu mwingine wa mvua ukiwa umekwisha pita. Kwa kuwa karatasi yao ilikuwa na vipimo vya zamani, walimwaga lami ya vipimo hivyo hivyo, katikati ya Bafu, wakaishindilia ikakaa sawasawa, wakakunja vitu vyao. Matokeo yake, Mheshimiwa, sasa tuna meza ya lami, nzuri kabisa, iliyozungukwa na shimo pande zote. Nilikusanya ujasiri wote nilionao nikawaonyesha kwa kidole. Msimamizi wao alinijibu kwa upole: "Binti, sisi tunajaza shimo lililoandikwa. Hilo lililozidi si letu."

"Ni la nani sasa?" kinyozi akauliza kutoka mlangoni, mashine mkononi.

"La mvua."

"Haya, iambieni mvua ilete greda!"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti akacheka, kichwa kikatikisika, akapata mstari ambao hakuuagiza. Hilo nalo naomba liingizwe kwenye hasara.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu ile meza. Mvua ikinyesha bata wa jirani wanapanda juu yake na wanaonekana kuridhika sana na kazi ya ofisi yako. Ila baiskeli yangu si bata.

3. Mayai. Mteja wetu mkubwa ni mwenye mkahawa wa njia panda. Zamani nikimfikishia trei alikuwa akiyahesabu yaliyopasuka na kunung'unika mpaka nikasikia uso unawaka. Sasa hanung'uniki tena, na hilo ndilo linalonitisha. Siku moja nilimkuta ananisubiri mlangoni na sufuria. "Kimya, mwanangu," akaniambia, "usijisumbue kuyapanga. Yamimine humu humu. Chumvi nitatia mwenyewe." Nilitaka kumwambia kwamba mengine ni mazima, lakini hadi nilipopata sentensi alikuwa amekwisha yavunja. Wateja wake wamezoea mayai ya kukaanga yenye maganda. Wanasema yana mlio mzuri. Mheshimiwa, watu wakishaanza kuusifia uharibifu, mhandisi hana tena wa kumharakisha.

4. Fundi baiskeli. Simtuhumu kwa lolote, maana ni mtu mwema na ananiongelesha kidogo. Nataka tu kueleza nilichokiona. Kijiwe chake kiko mkabala na Bafu, chini ya mwavuli. Asubuhi akifika, kabla hajafungua sanduku la vifaa, anakwenda kulichungulia shimo, kama mtu anayefunua chungu kuangalia maharage yamefikia wapi. Kisha anarudi akipiga mluzi. Mimi nikitokea ninakokota baiskeli ananiambia, "Karibu nyumbani." Rimu yangu ameinyoosha mara nyingi mpaka mwenyewe anasema imebaki duara kwa jina tu. Spoku kadhaa ni waya wa kuanikia nguo. Kiti kimeshonwa kwa mpira wa tyubu.

Breki alizing'oa zote mbili akamfungia mteja mwingine. Nilimtazama, naye akanijibu kana kwamba nimeuliza: "Za nini, binti? Katika mtaa huu hujawahi kupata mwendo wa kufungia breki. Ukitaka kusimama, shimo lipo." Nilifikiri, nikaona amesema kweli. Tangu siku hiyo naendesha bila breki na sijapata kuzikumbuka. Nalitaja jambo hili kukuonyesha tu kwamba mashimo yako, baada ya kumaliza kuharibu vifaa vyangu, yameanza kuchukua na kazi zake.

5. Sasa nafika kwenye kiini. Siku nilipokwenda kufuata cheti changu cha shule nilipita kwa miguu mbele ya ofisi yako. Mheshimiwa, upande huo sina mteja, kwa hiyo sikujua kuna lami ya namna ile. Inaanzia njia panda mpaka kwenye geti lako, nyeusi, haina hata mkwaruzo, kama ubao uliopanguswa kwa kitambaa cha maji. Nilisimama pembeni nikaitazama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Sikumjibu, kwa sababu zile zile, lakini jibu lilikuwa ndiyo.

Na juu ya lami hiyo kulikuwa na nini? Magari yaliyosimama. Nilisubiri nione kama kuna litakaloondoka. Hakuna. Naomba tufikiri pamoja. Gari lililosimama halitikisiki. Gari lililosimama haliwezi kutumbukia shimoni, labda shimo liamue kulifuata. Kwa hiyo gari lililosimama halihitaji lami hata kidogo. Linahitaji kivuli, na miti mnayo. Wakati huo huo, kwetu kuna baiskeli inayotembea kila siku ikiwa imebeba mayai, yaani vitu viwili visivyotaka kutikiswa kimoja juu ya kingine. Nani mwenye haki ya kupewa lami?

Basi ninachoomba ni kwamba lami hiyo ibanduliwe, ikatwe vipande vya kubebeka, iletwe kwetu. Tutasaidia kupakua. Wala hatutaki kuwaacha mikono mitupu: mnaweza kuchukua mashimo yetu. Hayana uzito, hayachukui nafasi kwenye lori, na yanakuja na majina yake.

6. Kama ombi hilo ni zito, naomba jepesi. Panda kwenye kerieri ya baiskeli yangu asubuhi moja, upakate trei moja, twende kutoka nyumbani mpaka mkahawani. Kerieri ni imara, imechomelewa upya. Tukifika utoe ripoti ya ulichokibeba. Nakuahidi sitakusemesha njia nzima.

7. Na kama hilo nalo haliwezekani, naomba ofisi yako iandike rasmi kwamba mtaa wetu si barabara. Hatutakasirika. Tutahamia idara ya maji, ambako Bafu linaweza kusajiliwa kama bwawa, ile meza ya lami katikati ikawa kisiwa, na sisi tukapewa daraja. Mtu anayeishi kando ya bwawa hatumwi na baiskeli. Ila sokoni bado atatumwa, nimeliona hilo sasa ninapoandika, kwa hiyo tafadhali usichague hili la saba. Chagua la tano.

Naomba uniwie radhi kwa urefu wa barua. Mtu asiyesema huwa na akiba.

Msalimie katibu wako, dereva wako na mama watoto. Wasalimie wale vijana wa rangi, waambie glasi za wageni bado zipo. Msalimie na msimamizi wa kujaza mashimo, umwambie kinyozi anamuulizia. Mlinzi msalimie pia na umweleze kwamba sikumdharau.

Wako katika kutikisika,

Kimya
nyumba ya kuku, ukishalipita Bafu

Baada ya sahihi: Naandika sehemu hii kwenye meza ya mlinzi wako, kwa kalamu yake. Samahani kwa ute wa yai ulioko ukurasa wa kwanza.

Nilikuwa nimepanga niipenyeze barua chini ya mlango na kuondoka bila kuonana na mtu, kisha niendelee na trei ya mkahawani. Nikakata kona pale njia panda, nikaingia kwenye lami yako, mara ya kwanza nikiwa juu ya baiskeli. Mheshimiwa, inateremka. Ukiwa kwa miguu huwezi kujua. Baiskeli ikaanza kukimbia. Haikutikisika, haikulia, haikufanya chochote ninachokifahamu. Mimi nikangoja shimo. Nilingoja kwa imani kabisa, kwa sababu maisha yangu yote halijawahi kuchelewa. Halikuja. Upepo ulikuwa unanitoa machozi na geti linakua. Hapo ndipo nilipozikumbuka breki.

Watu walikuwa wanakatiza na mafaili yao. Sijui sauti ilitoka wapi. Nasikia nilisema, "Ondokeni jamani! Sina breki! Nawaambia ondokeniii!" Wote waliondoka. Halikuondoka gari jeupe, ambalo lilikuwa limesimama, kama nilivyoeleza katika lalamiko la tano. Mlinzi ananiambia ni lako.

Kioo cha mbele nadhani kitasafishika. Mlango sina uhakika. Mimi sikuumia, ila goti tu. Baiskeli iliyowastahimili Bafu na Mdogo Wake siku zote imekunjika kama kiti cha sherehe. Na mayai yamekwisha yote. Kwenye mashimo nilikuwa nafika walau na nusu.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Naomba mashimo yetu yasiguswe. Zaidi ya hapo, kwa usalama wa gari lako, nashauri mchimbe machache hapa mbele ya geti, hata madogo. Nilikosea kuhusu magari yaliyosimama. Hakuna yanayohitaji mashimo kuliko hayo.

Mlinzi amempigia simu mama mkubwa nikiwa hapa hapa. Nilimsikia akimweleza: "Mama, binti yako mzima. Lakini kapiga ukelele huo! Mpaka ghorofa ya pili wamefungua madirisha." Nilidhani mama mkubwa ataulizia baiskeli. Hakuiulizia, wala mayai. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu: "Ghorofa ya pili? Na madirisha yalikuwa yamefungwa?"

Naanza kesho sokoni, upande wa wauza vitunguu. Njoo tuzungumze habari ya mlango wa gari. Huna haja ya kuuliza genge ni lipi, utanisikia.

Aliyekuwa Kimya