Nyoka wa Kumfukuzia Wifi

Jumapili, 3 Agosti 2025

Simu kutoka Kibara. Wifi yangu Wankyo, dada mkubwa wa mume wangu, ameshauza pamba na mwili umechoka. Anakuja Jumamosi kupumzika kwetu Buhare. Siku chache tu, kasema. Mwaka jana pia zilikuwa chache. Alifika wiki ya Pasaka, akaondoka baada ya Saba Saba.

Kupumzika kwake ni kukaa kwenye kiti cha wateja wangu. Mwaka jana alimwambia bibi harusi kwamba zambarau inamfanya afanane na bilinganya. Bibi harusi akahamia kwa fundi mwingine, na mashangazi zake wanne wakamfuata. Sasa Jumatatu ya tarehe 11 kwaya ya parokia inakuja kupimwa sare. Watu thelathini na wawili. Kazi kubwa kuliko zote tangu nishike cherehani. Wifi akikalia kile kiti, nimekwisha.

Bahati nzuri nina akili. Nimekumbuka hadithi anayopendaga kuisimulia Mwikwabe, mume wangu: Wankyo akiwa msichana aliona nyoka kwenye pamba, akakimbia peku kutoka shambani mpaka Bunda mjini. Basi. Nitafuga nyoka. Simfukuzi mtu. Nafuga tu, na asiyeweza kukaa na mnyama wangu, barabara ya Kibara iko wazi.

Kasoro moja ndogo. Mimi mwenyewe naogopa nyoka. Hata mkanda wa suruali ukilala sakafuni huwa nauzunguka.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda Butiama kwa Masatu, yule anayeitwa watu wakiingiliwa na nyoka ndani. Ana kibali chake, kimebandikwa ukutani. Nikamwambia nataka mdogo, mpole, asiye na sumu, na asiyependa kutembea.

Akacheka. Akatoa mmoja wa kahawia, mwembamba kama mpini wa mwiko. Nyoka wa majumbani, kasema. Hana sumu, anakula panya, panya mmoja kwa wiki anamtosha. Amekula jana, kwa hiyo nisimshike kwa siku mbili. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, mimi naweza kuvumilia hata miaka miwili.

Nimerudi naye kwenye ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Kutoka stendi nikachukua bodaboda, ndoo katikati yangu na dereva. Kauliza nimebeba nini. Maziwa, nikasema. Kauliza mbona yanajisogeza. Mtindi, nikasema. Hakuuliza tena, ila mwendo aliuongeza.

Nina nyoka! Mimi, Gati, fundi wa Buhare. Moyo unadunda na sijui kama ni furaha.

Jumanne, 5 Agosti

Ndoo iko kona ya chumba cha kushonea. Juu ya kifuniko nimeweka pasi ya mkaa, juu ya pasi tofali. Nimeshinda nimekalia kiti na miguu nimeipandisha juu. Nimegundua cherehani ya kukanyaga haiendeshwi hivyo. Kazi ya siku nzima: mkono mmoja wa blauzi.

Dorah, jirani yangu mkaanga samaki, alikuja kumwona. Kupitia dirishani. Kauliza amelala au amekufa. Nikamwambia aingie amuulize mwenyewe. Akakumbuka sato wake wanaungua.

Zimebaki siku nne. Nyoka anayemtisha mwenye nyumba hamsaidii mtu. Wifi akinikuta miguu juu atajua mpango wote.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia Masatu. Nikamwambia nina rafiki yangu mmoja amenunua nyoka na anaogopa. Masatu kasema nimwambie huyo rafiki yangu kwamba nyoka anaogopa zaidi, kwa sababu kwake yeye mtu ni nyumba inayotembea. Akae karibu naye, atulie, amzoeze harufu yake. Asimrukie kwa ghafla. Kumrukia! Hilo sikuwa nimelipanga.

Nikaondoa tofali. Baada ya chai nikaondoa pasi. Saa tano nikafunua.

Alikuwa amejikunja kama kifungu cha utepe. Akatoa ulimi, akaurudisha. Nikaimba wimbo wa mavuno, beti zote. Hakukimbia. Baada ya ubeti wa nne na mimi nikawa bado nipo. Nikamgusa kwa rula ndefu, nikiwa nimeishika mwisho kabisa. Akasogea kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepisha mwenzake kwenye benchi la kanisa.

Rula nimeiosha mara mbili. Lakini nimemgusa.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku kubwa. Naandika haraka nisisahau chochote.

Asubuhi nimeshona glovu za kitambaa cha jinzi, tabaka tatu. Nikazivaa. Vidole havikunji. Nikazivua. Nikakaa mbele ya ndoo nikijiuliza, hivi mimi ni kitu gani ninachoweza kumfanyia kiumbe yeyote bila kutetemeka? Nimepima wajawazito, nimepima mapadri, nimempima mzee mmoja wa Murangi aliyekuwa anakoroma amesimama. Mikono yangu ikishika futi ya kupimia haijui woga.

Nikaivuta futi shingoni. Nikamwambia: samahani, nakupima.

Nikamshika.

Si baridi. Si utelezi. Ni mkavu, laini, kama satini ya bei. Akajizungusha kwenye kiganja changu na nguvu yake ilikuwa ndogo, ya kujishikilia tu asianguke. Machozi yakanitoka, sijui ya nini. Nikampima. Urefu, sentimita sabini na nne. Kifua, saba na nusu. Kiuno sikukiona kinaanzia wapi, nikaandika saba.

Nimempa jina: Futi. Dorah ameleta panya hai kutoka kwenye mtego wake na kumrusha kupitia dirishani. Ilibidi nimkimbize peke yangu chumba kizima mpaka nikamtia ndooni, Futi akammeza. Panya nilimwogopa kidogo, Futi hapana.

Wifi, njoo sasa. Nakusubiri kwa hamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mwikwabe hununua ng'ombe minadani wiki nzima, leo karudi mapema. Nilitaka kumwonyesha taratibu. Nikamwambia afumbe macho, nikamletea Futi mbele ya uso. Masatu alisema asishikwe siku mbili baada ya kula, lakini nilijua hataudhika kwa dakika moja.

Mwikwabe ni mwanaume wa kilo tisini na mbili. Sikujua meza ya kukatia inaweza kumbeba.

Akiwa juu ya meza alinieleza mambo mengi. Moja ni kwamba ile hadithi ya pamba ni ya kweli, ila aliyekimbia peku mpaka Bunda si dada yake. Ni yeye. Dada yake ndiye aliyebaki shambani na yule nyoka, akampisha, akaendelea kuchuma.

Nikamuuliza kwa nini miaka yote amekuwa akimsingizia. Kasema hadithi inachekesha zaidi ikiwa ya mtu mwingine.

Amehamia kwa rafiki yake mtaa wa pili. Amepitia dirishani.

Jumamosi, 9 Agosti

Wifi amefika saa saba na mabegi matatu na kuku. Nikaamua mpango uendelee, maana Mwikwabe anaweza kuwa amekosea. Nikampokea na Futi mkononi.

Akaweka kuku chini. Akamtazama Futi. Akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

"Marehemu mama yetu alikuwaga na kama huyu kwenye ghala la mtama," akasema. "Kila asubuhi alikuwaga anamwamkia. Hakuna panya aliyegusa punje yetu. Wifi, kumbe una moyo huu? Miaka yote nilijua hunipendi."

Nikasema, mimi? Nakupenda sana, wifi.

Kauliza kama anaweza kuongeza siku.

Jumatatu, 11 Agosti

Kwaya imekuja, wote thelathini na wawili, na mwenyekiti wao mama mwenye sauti ya chini. Wifi alikuwa ameahidi kutotoa maoni yoyote kuhusu rangi. Na kweli, alikaa kwenye kile kiti kimya, mikono mapajani. Nikapima sauti ya kwanza yote bila tatizo. Nilianza kuamini Mungu ananiona.

Kufika sauti ya pili, futi ya kupimia siioni. Nikasema bila kugeuka: "Wifi, hebu niletee futi."

Akaniletea Futi.

Nilimpokea bila kutazama, nikampitisha kiunoni mwa mwenyekiti. Kwa kweli alikaa vizuri. Nilishaanza kutafuta namba ndipo mwenyekiti alipotazama chini.

Sauti ya kwanza ndiyo iliyotangulia mlangoni. Sauti ya nne walitoka na mlango. Dakika moja baadaye nilikuwa nimebaki na viatu kumi na saba na Futi, naye akiwa ameshtuka amejificha ndani ya mkono wa blauzi. Nikakaa sakafuni nikalia. Kazi ya mwaka imekwenda, na nimeifukuza kwa mikono yangu.

Wifi alinyanyuka. Akamtoa Futi polepole, akamzungusha kwenye kifundo cha mkono, akatoka uani walipokuwa wamejikusanya. Nikamsikia akiongea. Hakupaza sauti. Aliwaeleza habari za mama yake, za ghala, za panya. Akawaambia: "Fundi wenu alikuwa anaogopa kuliko nyinyi. Angalieni sasa. Mtu aliyeshinda woga wake atashindwa kushona kola?"

Hilo la woga sijui alilijuaje. Dorah, bila shaka.

Mwenyekiti ndiye aliyemgusa wa kwanza, kwa kidole kimoja. Kufika saa kumi walikuwa wamepanga foleni, si ya kupimwa, ya kumshika Futi. Lakini kila aliyemshika nilimpima. Thelathini na wawili, wote. Wifi aliandika vipimo.

Jumapili, 17 Agosti

Lazima nikiri wiki hii ilikuwa nzuri. Nimeshona sare tisa. Wifi ameshona vishikizo, amekaanga furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kwenye ugali wangu ametoa maneno mawili tu. Jioni tulikuwa tunamweka Futi katikati ya mkeka na kumwangalia.

Leo kabla ya misa kasema panya wamemwandama kule Kibara, wanakula mahindi mpaka magunia. Yuko tayari kuondoka leoleo, ila aende na Futi.

Nilifikiria kwa sekunde moja. Wifi anaondoka mwenyewe, bila kufukuzwa, baada ya siku nane. Mpango umefaulu kuliko nilivyoupanga! Nikamshonea Futi mfuko wa kitenge wa kusafiria wenye vitundu vya hewa. Nikawasindikiza mpaka stendi. Nikapunga mkono mpaka basi la Bunda likapotea.

Mwikwabe amerudi nyumbani. Amepitia mlangoni.

Jumatatu, 18 Agosti

Ndoo iko kona palepale. Nimefunua mara tano.

Mwikwabe ananiuliza mbona siongei. Nikamwambia nahesabu mishono.

Jumatano, 20 Agosti

Wifi kapiga simu, sauti ya kilio. Macho ya Futi yamegeuka meupe kama maziwa. Hali, hachezi, amejificha. Anafikiri amekuwa kipofu.

Mimi najua ni nini. Masatu alinieleza mapema. Nyoka akikaribia kujivua gamba macho hufifia, baada ya siku chache anavua na kurudi mpya, anang'aa. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Wallahi nilifungua. Kilichotoka ni: "Wifi, huo ni ugonjwa. Nitakutafutia daktari."

Nikakimbia kwa Dorah. Hakutaka. Nikamwahidi blauzi. Akakubali kuwa Daktari Prudence, mtaalamu wa macho ya nyoka. Nilimwandikia maneno kwenye karatasi ya kukatia: mnyama arudishwe haraka Buhare, kwa mtu wa kwanza aliyemfuga, awekwe karantini siku tisini. Siku tisini zilikuwa wazo langu. Nilitaka nipate muda wa kutosha naye, halafu baadaye tungeona.

Dorah akampigia Wifi kwa simu yake, ameziba pua ili asitambulike. Alisoma vizuri, ila mwishoni akauliza kama mgonjwa anapenda sato. Wifi hakushtukia. Alishukuru mpaka akatubariki.

Usiku wa leo nitalala vizuri. Futi anarudi!

Alhamisi, 21 Agosti

Wifi kapiga asubuhi. Futi amejivua gamba alfajiri, zima, bila kukatika, macho yanang'aa kama shanga. Lakini kasema amri ya daktari ni amri ya daktari. Wanafika Jumamosi.

Wanafika, kasema. Nikauliza wanafika akina nani.

"Mimi na yeye," akasema. "Siwezi kumwacha mgonjwa peke yake karantini, wifi. Nitakaa naye zote tisini. Mahindi nimemkabidhi jirani. Tena niandalie kile kiti, mgongo unanisumbua."

Nimehesabu. Inafika mpaka Novemba. Mwikwabe tayari anafunga nguo zake. Akiwa mlangoni kaniuliza kama angalau safari hii nimejifunza kitu.

Nimemwambia nimejifunza sana. Mara nyingine Daktari Prudence atasema siku saba.