Jasho la Jezi Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Tumefungwa tena. Mechi ya sita mfululizo. Tukiendelea hivi tunashuka daraja kabla msimu haujaisha.

Jezi zimeletwa asubuhi ndani ya gunia. Mwaka wa kumi na moja huu nafua jezi za timu, na naweza kusema bila majivuno kwamba hakuna mtu mjini anayeijua timu kama mimi. Kocha huwaona wachezaji kwa mbali. Mimi nawaona makwapani.

Nimezitundika uani kama kawaida yangu, pindo juu, kola chini, tope likauke kwanza ndipo lipigwe brashi. Dobi mjinga huloweka tope bichi. Kisha nikapita nikizikagua migongo, moja baada ya nyingine, mikono nyuma, kama daktari wodini. Zote chafu. Namba tisa, safi. Unaweza kwenda nayo harusini.

Namba tisa ni Mlingoti, mshambuliaji wetu, mpwa wa Bwana Mabati, muuza mabati mwenye timu. Tunamwita Mlingoti kwa sababu ni mrefu na, kwa maoni yangu, hajawahi kusogea pale alipochimbiwa. Mji mzima unamtukana kocha. Ushahidi ninao mimi peke yangu, kwenye kamba.

Nikamweleza shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye ni fundi viatu na kibanda chake kimeegemea ukuta wetu. Viatu vya timu huvishona yeye, kwa hiyo naye anajiona mtaalamu. Akasema viatu vya Mlingoti huletwa kila wiki mbili, soli zimekwisha kwa kukimbia. Vya Nahodha havijaguswa tangu msimu uanze. Nikamwambia soli huisha pia kwa kuburuta miguu. Akaendelea kugonga msumari. Nimehesabu kwamba nimemshinda.

Jumanne, 5 Machi

Bwana Mabati ameitisha mkutano na mashabiki keshokutwa, ukumbi wa klabu. Watu wanataka kocha afukuzwe, naye, nasikia, hana ubishi. Kumfukuza kocha ni rahisi kuliko kununua beki.

Nimepata mpango. Sitafua. Nitazipeleka jezi kama zilivyo, nizianike mbele ya umma, watu wajionee nani anatoka jasho na nani anatalii. Nimeandika hotuba ya kurasa nne. Nimeiita Ripoti ya Jasho.

Mtunza vifaa wa timu alipita kuulizia jezi. Nikamwambia tope la safari hii lina kichwa kigumu.

Mke wangu ameuliza kwa nini jezi zimelala kwenye kamba siku ya pili. Nikamjibu kwamba ule ni ushahidi. Akasema ushahidi unanuka mpaka kwa jirani.

Jumatano, 6 Machi

Msiba.

Nilitoka kwenda kununua sabuni ya jumla. Kurudi, nikakuta jezi zote kumi na nane zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa mezani. Mke wangu alidhani naumwa. Amesema tangu anioe, maana huwa anasema yeye ndiye aliyenioa, hajawahi kuniona nikiacha kazi kwa siku mbili. Ningemgombezaje? Pasi yenyewe ilinyooka kuliko yangu, jambo ambalo litabaki ndani ya daftari hili.

Nikakaa kitini robo saa. Kisha nikakumbuka mimi ni nani. Kichwa changu hakisahau doa. Nikachota tope nyuma ya bomba, nikachukua brashi, nikarudisha kila kitu kwa kumbukumbu. Namba nne, kiwiko cha kulia. Namba mbili, tumbo zima. Namba sita, jezi ya Nahodha wetu, nikaipa kifua, mgongo na mabega, na nyongeza kidogo ya heshima, kwa sababu huyu ndiye anayeifia timu. Picha yake iko kwenye matangazo yote ya mabati. Namba tisa sikuigusa.

Huu si uongo. Ni kunakili.

Alhamisi, 7 Machi



Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bwana Mabati mbele na saa yake ya dhahabu, kocha pembeni ameshika kofia mapajani kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mke wangu alinisaidia kubeba gunia. Nilisema abaki mlangoni. Hakubaki.

Nikafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Nikatundika, safari hii kola juu ili namba zisomeke. Nikasoma. Kufikia ukurasa wa pili watu walikuwa wamesimama kwenye viti. Nilipoinua namba tisa, nyeupe kama karatasi, ukumbi ulilipuka. Bwana Mabati akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Mcheza kwao hutunzwa. Nilifikiri, laiti baba yangu angekuwepo leo.

Ndipo mke wangu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Baba watoto, hilo tope umelitoa wapi? Hizo jezi nilizifua jana kwa mikono yangu."

Nikaeleza habari ya kunakili. Akasema nimenakili vibaya. Namba tisa aliisugua mpaka vidole vikachubuka. Iliyokuwa safi, aliyoisuuza tu, ni namba sita.

Nikamwambia, kwa upole wa mtaalamu, kwamba niliziona kwa macho yangu zikiwa kwenye kamba.

"Ulizitundika kichwa chini," akasema. Akaja mbele, akaichomoa namba tisa kwenye kamba, akaigeuza pindo juu, kola chini, akaionyesha ukumbi mzima. Sita. Akaichukua ya Nahodha, akaigeuza nayo. Tisa.

Kicheko kile sitakieleza. Shemeji alilazimika kutolewa nje kupata hewa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Kocha alisimama, akamsogelea mke wangu, akamuuliza taratibu, "Mama, una hakika na hiyo sita?"

"Mwalimu, mimi nafua. Sishabikii."

Kocha akamgeukia Bwana Mabati, akasema miezi mitatu amekuwa akiomba Nahodha apumzishwe, kwamba hakimbii, na mipira inafia miguuni mwake kabla ya kumfikia Mlingoti. Kila mara anajibiwa kwamba picha ya matangazo haikai benchi. Shemeji akarudi ndani kwa wakati mbaya kabisa, akaongezea habari za soli. Sasa ukumbi ukamgeukia Bwana Mabati, na safari hii hakuna aliyecheka. Wakapiga meza hadi akakubali kocha apange timu mwenyewe Jumapili. Akishindwa, anaondoka.

Kwa ufupi, ripoti yangu imeleta mageuzi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimezifua jezi upya. Zamu hii mke wangu alikaa na kutazama.

Mchana akaja Nahodha. Peke yake, bila miwani ya jua. Aliinama chini ya kamba kupita na nikaona uso wake ukikunjamana. Akaniuliza kama ni kweli ilionekana, kwenye jezi. Nikasema inaonekana. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanyoosha mguu. Goti, tangu Novemba. Hakumwambia mtu, kwa sababu nyumba ya mama yake haijaezekwa na mkataba wake unakwisha Juni. Alidhani akisimama mahali pazuri na kunyoosha kidole sana kuelekeza wenzake, hakuna atakayejua.

 Nikampelekea chai. Nikamwambia aende kwa kocha leo hii, amweleze mwenyewe, kabla hajaelezewa na watu. Akauliza kama nadhani kocha atamsikiliza. Nikasema yule ametukanwa na mji mzima miezi mitatu na bado anasalimia watu. Atamsikiliza.

Alipoondoka nikaipiga pasi namba sita mara mbili, ingawa haitavaliwa kesho. Kola nikaitia wanga. Ukiniuliza sababu sitakuwa nayo.

Jumapili, 10 Machi

Mbili moja! Tumeshinda! Mlingoti mabao yote mawili! La pili alikimbia kutoka katikati ya uwanja, na nilisimama nikawaambia walionizunguka kwamba nimekuwa nikiwaambia siku zote huyu kijana ana mapafu. Shemeji alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani kwa heshima.

Nahodha alikaa benchi goti limefungwa bandeji, akipiga makofi kuliko wote. Mwishoni kocha alimfuata yeye kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Mjini kote wananisalimia. Baadhi wanacheka wakinisalimia, ni furaha ya ushindi. Mtunza vifaa kaleta jezi na kuagiza zikabidhiwe kwa mke wangu. Bila shaka ameona cheo changu sasa ni cha ushauri.

Na heshima kubwa kuliko zote: Bwana Mabati mwenyewe ametuma mashati yake sita tufue. Nimeyakagua kwa makini. Kola, safi. Mikono, safi. Makwapani, hata tone hakuna. Mtu huyu hajatoka jasho maishani mwake! Anawezaje kuongoza timu? Mambo yote sasa yamenifungukia. Nimeketi kuandika Ripoti ya Mashati, ambayo nitaiweka kwenye mfuko wa shati la juu, aisome akiwa ametulia.

Mke wangu amepita nyuma yangu akasema mashati hayo ni mapya, bado yana karatasi za bei.

Nimezikata kwa mkasi, zilikuwa zinanisumbua, na sasa niko ukurasa wa tatu.