Piano Yetu Haiendi Stoo ya Kahawa

Jumatatu, 7 Julai 1986
Kikao cha kanisa. Melkiory, kiongozi wa ngoma, kadai piano ya wamisionari imezeeka: nyuzi zinakazwa Jumamosi, Jumapili zimelegea. Uamuzi: ikikosea mbele ya askofu Jumapili hii, inahamia stoo ya kahawa, ngoma zichukue nafasi yake. Stoo! Ilinusurika vitani, isinusurike kwa Melkiory? Nikasimama, nikahutubu mpaka mwenyekiti akaomba tufunge kwa sala.

Jumatano, 9 Julai
Nimesoma, nimegundua. Kosa ni la kiangazi: mbao zinakauka, nyuzi zinalegea. Piano ina kiu! Na hapa kijijini Mabira, nini hutunza maji kiangazi kizima? Mgomba. Shambani kwa mke wangu nimekuta vipande vya mgomba vilivyopasuliwa, vimelazwa chini ya kila shina, vibichi, havina kazi. Nimejaza kikapu, nikavipanga vyote ndani ya piano.

Ijumaa, 11 Julai
Therese, mpigaji wetu, alikaza nyuzi jana. Leo hazijalegea hata kidogo. Elimu oyee! Nimepitia kwa Melkiory, kumsalimia tu. Kasema Jumapili haijafika. Wivu.
Nyumbani mke wangu Vestina anamtafuta aliyeiba mitego yake ya fukusi, wale wadudu weusi wanaotoboa migomba. Eti hufuata mgomba uliopasuliwa, wakishajaa humo anawachoma. Nimemwambia nina mambo makubwa kuliko wadudu.

Jumapili, 13 Julai
Ubeti wa kwanza, malaika watupu. Wa pili, fukusi akachomoza katikati ya vibao. Kisha ukoo wake mzima. Therese, mwanamke jasiri, alipiga mpaka mmoja alipomwingia mkono wa gauni. Melkiory akaudaka wimbo kwa ngoma. Askofu, akijipangusa kanzu, akaniuliza taratibu, "Mzee, hii ni piano au shamba?"
Nikamjibu, "Baba Askofu, sikiliza sauti. Haijashuka."
Hakukanusha!

Jumatatu, 14 Julai
Ushindi! Stoo ya kahawa imeikataa piano, wanaogopa wadudu. Kwa kauli moja imekabidhiwa kwangu. Melkiory kasaidia kubeba, anacheka njia nzima. Kushindwa kumemvuruga. Shamba la Vestina halina fukusi tena, shukrani sijaisikia.
Sasa kuwafukuza. Dawa ni moshi. Nimeiweka piano jikoni, ubavuni mwa mafiga, chini ya dari la kuivishia ndizi za pombe yetu ya rubisi.
Vestina kaja mlangoni. "Baba Egbert, si ulisema ukavu ndio ugonjwa wake?"
Nimemweleza kwamba huo ulikuwa utafiti wa wiki iliyopita.