Tangazo la Bodi ya Maji

Jumatatu, 3 Juni 1974
Hatimaye! Bwana D.O., afisa wa tarafa yetu, amekubali kijiji chetu na kile cha ng'ambo ya mto viunde bodi moja ya maji. Mimi ni katibu wa muda. Nautaka uenyekiti! Nani asiyejua bomba la kwanza huingia uani kwa mwenyekiti? Mke wangu Kemuma amechoka kubeba maji. Amesema mwezi ukiisha bila bomba, anarudi kwa mama yake. Shida ni moja: tangazo la mkutano wa uchaguzi sharti libandikwe hadharani, vijiji vyote viwili, siku kumi na nne. Momanyi, mwalimu mstaafu, naye anakitaka kiti hicho; akiliona tu nimekwisha.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Nimebandika kwenye mashine za kusaga, yetu na ya ng'ambo. Hadharani kabisa. Lakini mwanamume gani hukanyaga pale? Momanyi hajabeba debe la mahindi tangu azaliwe. Nimejipongeza kwa ndizi mbili za kuchoma.

Jumatatu, 10 Juni
Mbuzi amekula tangazo la ng'ambo. Nilikuwa nimelibandika kwa uji. Nimeweka jingine, juu zaidi. Kina mama saba wakawa wanasomeana kwa sauti. Waache wasome! Jioni Kemuma akauliza kama mkutano ni Jumatano ya wiki ijayo. Nikamwambia ni mambo ya wanaume, asijisumbue. Akaendelea kumenya ndizi. Mke mwema.

Jumatano, 19 Juni
Nimevaa koti la harusi. Nilitarajia marafiki zangu sita tu, niliowanong'oneza. Wamekuja wanawake mia na hamsini, wamekalia madebe yao! D.O. akauliza nani aliliona tangazo. Mikono yote juu. Wakampendekeza Persis. Persis, mama mkwe wangu! D.O. akauliza kama kuna anayepinga. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mgomba. Kwetu mtu hamsogelei mama mkwe, sembuse kumpinga mbele ya watu. Nikavuta jani la mgomba mbele ya uso. Bomba litaingia kwa Persis. Kemuma amepiga vigelegele, amefunga sanduku, amelifuata bomba. Inaniuma. Lakini Momanyi hakujua lolote, alikuwa kwa kinyozi. Huyo nimemweza!

Alhamisi, 20 Juni
Bado makamu mwenyekiti! Uchaguzi wake unahitaji tangazo jipya, na katibu bado ni mimi. Kosa langu nimelijua: mashine ziko karibu mno na barabara. Leo nimekwenda kuchota maji mwenyewe. Wanawake arobaini kwenye foleni, mwanamume peke yangu. Pahali pazuri ajabu! Nimelibandika hapo hapo kisimani. Wamenishukuru sana.