Koti la Kijivu la Kaunta ya Rangi

Koti lilikuwa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta ya rangi, la kijivu, lina kalamu mfukoni, halina mwenyewe. Shemeji aliliona kabla hajaona hata kopo moja la rangi. Watu wengine wakiingia duka la vifaa vya ujenzi huona misumari, mabomba na saruji. Yeye huona vitu vilivyoachwa bila mtu wa kuviangalia, na kusema kweli ndivyo vilivyomlisha maisha yake yote.

Jina la Shemeji alipewa na mji mzima. Hakuna mtu ambaye yeye hajamwita shemeji, na ni wachache walioitwa hivyo wakabaki na walichokuwa nacho mfukoni. Ila siku hiyo, jamani, alikuja kwa heri. Hela alizobeba zilikuwa halali, tena za fundi cherehani, mwanamke ambaye Shemeji alikuwa akimposa bila kuchoka, yeye ambaye kila kitu humchosha. Fundi cherehani alikuwa anafungua duka lake mwenyewe, kuta bado tupu. Asubuhi alimtia hela mkononi pamoja na kipande cha kitambaa cha samawati hafifu.

"Niletee kopo la rangi kama hii, na chenji yangu," alimwambia. "Ukileta, jioni twende kwa mjomba ukajieleze. Usipoleta, mtaa huu usiupitie tena."

"Kopo la rangi tu, mama? Nilidhani utanituma maziwa ya simba."

"Kwako wewe kopo la rangi ni gumu zaidi. Nenda."

Basi mtu akaja na nia safi, kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu, akakutana na Dada Subiri.

Dada Subiri ndiye muuza rangi. Alikuwa amekaa kwenye stuli ndefu, shavu kiganjani, simu mkono wa pili, na kwa binadamu wote alikuwa na neno moja. Habari za asubuhi, dada? Subiri. Naomba tapentaini. Subiri. Mbele yake watu wazima na akili zao walikuwa wamepanga foleni, hela mkononi, wakiomba kwa upole waruhusiwe kuzitoa. Mimi ugonjwa huu sijui unaitwaje. Mtu anafungua duka, anaandika ukutani kwamba mteja ni mfalme, kisha kaunta anamweka mtu anayemtazama mfalme huyo kama nzi. Na wafalme wenyewe wanavumilia, ndicho kinachonitia kichefuchefu. Wanahema tu na kuhamisha uzito mguu huu hadi ule.

Shemeji alisubiri. Akakohoa. Akatoa lile tabasamu lake ambalo limewahi kumtoa mtu saa mkononi. Dada Subiri hakuinua hata kope.

Ndipo akalitazama tena koti, kisha akaitazama foleni. Akaona kwamba watu hawa hela zao wangempa yeyote ambaye angewatazama usoni. Akazunguka kaunta, akalivaa, akafunga vifungo vyote, kalamu akaichomeka sikioni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Karibu mzee wangu," akamwambia wa mwisho kwenye foleni, akimvuta pembeni. "Utuwie radhi kwa kukuchelewesha."

Mzee mwenyewe alikuwa na vyumba vya kupangisha, bahili mwenye tumbo, na hakuna duka lililowahi kumwomba radhi. Alilainika papo hapo.

"Nataka rangi nyeupe ya vyumba vya wapangaji. Ya bei ya chini kabisa."

"Inayodumu?"

"Idumu mpaka mpangaji alipe kodi. Akishalipa, hata ikibanduka ni ya kwake."

Shemeji alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama. "Tajiri, kuna makopo ghalani. Yamebonyea kidogo ubavuni, lakini rangi ni ile ile. Tunayatoa nusu bei, kimya kimya, geti la nyuma. Si kwa kila mtu."

"Sasa mbona mimi?"

"Una uso wa mtu anayejua kutunza siri. Ila kama wewe ni mtu wa risiti, tuache."

"Risiti ya nini na sisi ni ndugu?" akasema mwenye nyumba, na bunda likahama mfuko. Mtu anayemnyima mpangaji wake balbu alitoa hela zote hizo kwa mtu asiyemjua, eti kwa sababu ana kalamu sikioni. Akaelekezwa azunguke, agonge geti, afunguliwe. Geti lile ufunguo wake ulivunjikia ndani ya kufuli zamani, na halijafunguliwa tena.

Tapeli yeyote mwenye akili hapo angekula kona. Shemeji mguu aliuinua kweli. Halafu mkono wake ukagusa kile kitambaa mfukoni. Rangi hakuwa nayo bado, na mashine ya kuchanganya rangi mji mzima ilikuwa ni hii hii, nyuma ya stuli ya Dada Subiri.

"Shemeji yangu, naomba unichanganyie kopo moja kama kitambaa hiki."

"Subiri."

Akasubiri. Kutoka nyuma ya ukuta ilisikika hodi, kwanza ya kistaarabu, kisha ya mtu aliyekuja kudai kodi. Jasho lilianza kumtiririka ndani ya koti.

"Dada, nakuomba. Nina haraka kidogo."

Dada Subiri akaiweka simu chini. Macho yake, yalipoinuka, hayakuwa na usingizi hata chembe.

"Haraka ya nini, na sisi tuko kazini?" alisema kwa sauti ya chini. "Halafu koti limekukaa."

Shemeji akaichomoa kalamu sikioni.

"Unadhani mtu akishika simu anakuwa kipofu? Nimekuona ukilivaa. Nimekusikia ukimwimbia yule mzee. Ghala lenyewe hatuna."

"Shemeji, si tunaweza kuelewana?"

"Tumeshaelewana. Hela za mzee weka hapa chini ya gazeti, na za kopo lako. Nikuchanganyie, upite mlango wa mbele kabla hajazunguka."

"Tugawane basi nusu kwa nusu."

"Nimwite?"

Akaziweka. Roho ilimuuma, tena sana, lakini alijiliwaza kwamba jioni atakuwa amekaa kwa mjomba, amevaa shati safi. Dada Subiri akainama chini ya kaunta, akatoa kopo, akalitia kwenye mashine, likatikiswa. Shemeji macho yake yalikuwa mlangoni. Kisha yule dada akachovya kidole, akapaka tone juu ya kifuniko, kama wafanyavyo wauza rangi wote ili mteja aone kilichomo bila kufungua. Shemeji akaweka kitambaa pembeni ya tone. Samawati hafifu, haina kasoro.

"Na chenji?"

"Chenji subiri."

Hodi ya nyuma ikakoma. Maana yake mzee alikuwa anazunguka. Shemeji akatupa koti, akakumbatia kopo na kutoka mbio, chenji ikabaki.

Fundi cherehani alikuwa amefunga kanga kiunoni, brashi tayari, matambara yametandikwa sakafuni. Aliliona kopo, akaliona tone, akatabasamu tabasamu ambalo Shemeji alikuwa ameliomba weee.

"Kumbe unaweza," akasema. Akachukua bisibisi, akakifungua kifuniko.

Ndani mlikuwa na rangi ya maini yaliyolala.

Rangi ikishachanganywa hairudi nyuma ikawa nyeupe, na dukani kule anayekosea hukatwa mshahara, labda apate wa kumuuzia. Dada Subiri alilikosea kopo hilo siku fulani, macho yakiwa kwenye simu, akalificha chini ya kaunta. Tone la samawati alilichovya kwenye kopo jingine. Kumuuzia mtu wa kawaida asingeweza, maana angelirudisha saa hiyo hiyo na kelele juu. Alikuwa anamngoja mteja mmoja tu, yule ambaye hawezi kurudi.

"Hii ni nini?" aliuliza fundi cherehani.

Shemeji alisema kweli. Aliieleza yote, koti, mwenye nyumba, geti na kidole, na mtu ambaye uongo wake ulikuwa unateleza kama sabuni aliivuruga kweli yake mwanzo hadi mwisho.

"Na chenji yangu?"

"Nimeambiwa nisubiri."

Mwanamke alichungulia tena ndani ya kopo. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Shemeji kuliko matusi. Akakirudisha kifuniko, akakigandamiza kwa kisigino, akamwekea kopo mikononi.

"Subiri hapa nje," akasema, akafunga mlango. Komeo likalia. Baadaye kidogo cherehani ikaanza kushona.

Alisubiri. Kivuli kilihama upande huu wa mtaa kwenda ule, na yeye amesimama pale na kopo lake, mpaka mpita njia mmoja akasimama kuliangalia lile tone la samawati.

"Hiyo rangi unauza?"

Shemeji alitazama mlango uliofungwa. Akakifuta kifuniko kwa kile kitambaa, taratibu, asiliguse tone.

"Kwako wewe, shemeji," akasema, "bei ya kutupa."

Ndani cherehani ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.