Kwa Nini Pasiitwe Alphonseville

Siku ya kwanza, 6 Novemba 1995

Matusi! Leo kamioni ya Édouard, shofele wa njia hii, imefika mbele ya nyumba yangu, na mama mmoja aliyetaka kushuka akapiga bati na kuita: "Kwa Berthe! Simama kwa Berthe!"

Kwa Berthe? Berthe amefika hapa mwezi wa tatu. Mimi nilifika mwezi wa kwanza, kazi ilipokufa kule Panda, na shoka, na bibi yangu wa ndoa, Émérence, na mawazo makubwa. Mti wa kwanza kuanguka hapa niliuangusha mimi. (Uliangukia choo. Lakini ulianguka.) Leo tuko nyumba thelathini na moja, na kijiji kinaitwa jina la mwanamke anayeuza munkoyo kwa kikombe!

Na jambo ni zito. Siku ya posho, yaani Jumamosi, anakuja ajenti wa teritware, mtu wa serikali, kuandika vijiji vyote vipya vya njia hii. Akishaandika, imekwisha, jina linabaki hata tukifa. Miaka kumi na tisa kule atelier, karakana ya Panda, nilikuwa namba 4417. Hakuna aliyeniita Alphonse ila bibi yangu, naye akiwa na hasira. Mzungu mmoja wa zamani alipewa Likasi nzima, ikaitwa Jadotville, na sijasikia kwamba alikata hata mti mmoja. Mimi naomba nyumba thelathini na moja tu.

Siku ya pili, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Berthe kumwelewesha kwa upole. Nimemwambia mimi ni mtu wa dunia: nimefika Kolwezi, nimefika Ndola, Kinshasa nimelala siku mbili. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka. "Papa Alphonse, minye siombi muntu aniite. Bantu banaita benyewe. Na weye uzisha kitu, batakuita!"

Kisha akanipa munkoyo bure. Nimekunywa vikombe vitatu, kwa hasira.

Siku ya tatu, 8 Novemba

Kibao! Nimeng'oa mlango wa jikoni, nikaandika kwa lami, herufi kubwa: ALPHONSEVIL. Mlango ukaisha. LE nimeiweka chini, inapendeza zaidi. Nimeusimamisha kando ya barabara.

Émérence ameuliza mlango uko wapi. Nimejibu kwamba umepandishwa cheo. Saa hiyohiyo mbwa wa jirani akatoka jikoni na samaki wetu mdomoni. Sitaandika aliyosema Émérence.

Kamioni tano zimepita mbio, vumbi tupu. Hakuna hata shofele mmoja aliyegeuza shingo. Ya sita, ya Édouard, nimeisimamisha mwenyewe, nikamuuliza kama amesoma. Akasema yeye akiwa kwenye usukani anasoma mashimo tu, na hapa kwangu hakuna shimo, ndiyo maana anapita mbio.

Asante sana, Édouard.

Siku ya ine, 9 Novemba

Mtu hasomi akikimbia. Basi asikimbie!

Saa moja asubuhi nimeshika beleshi, nikaanza shimo barabarani, mbele ya kibao kabisa. Nilitaka shimo dogo, la adabu, la kumfanya shofele apunguze mwendo na kuinua macho. Lakini udongo ulikuwa laini na mimi kazi naijua. Saa sita lilinifika kiunoni. Kuta zimenyooka, pembe nne sawasawa. Kule atelier wangelipigia makofi.

Berthe amepita, akauliza tunamzika nani. Nimemjibu kwamba hii ni teknike.

Siku ya tano, 10 Novemba

Mvua imenyesha usiku kucha. Shimo limejaa maji, huwezi kujua kama ni dimbwi au ziwa. Saa nne Édouard ameingia humo na kamioni, pua mbele. Abiria arobaini, mbuzi, magunia ya mkaa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa moyo wote.

Na hakuna aliyesoma! Wameng'oa kibao wakakitia chini ya gurudumu. Kimevunjika vipande vitatu. Nimepiga kelele kwamba ule ni mlango wa mtu. Édouard akasema, sukuma, papa. Nimesukuma. Matope mpaka kwenye meno.

Giza limeingia na kamioni haijatoka. Mama mmoja ana mtoto mchanga. Nimempa blanketi letu na chungu cha bukari, ugali wetu. Mimi si mnyama. Wengine wamelala kwa Berthe. Bila shaka!

Siku ya posho, 11 Novemba

Mmoja wa waliolala kwa Berthe, mtu mfupi mwenye viatu mkononi, ndiye ajenti! Asubuhi amekaa juu ya kreti, amefungua kitabu, ameuliza: hapa panaitwaje? Nimevuta pumzi. Abiria arobaini wakajibu kwa sauti moja: "Shimoni!"

Akaandika. Shimoni!

Kisha akasema kuna mstari wa kuandika jina limetoka wapi. Nani alichimba shimo? Huyo aliyeharibu barabara ya serikali atapanda naye kamioni mpaka Likasi, akalijibu huko. Berthe akanitazama, mimi nikatazama mbuzi.

"Ni mvua, patron," Berthe akasema. "Mvua njo ilichimba." Na kijiji kizima: ndiyo, mvua, mvua.

Mvua! Mvua iko na beleshi? Mvua inajua pembe nne? Nimeinua mkono niseme. Émérence akanikanyaga mguu kwa uzito wake wote. Mkono ukashuka wenyewe. Ajenti ameandika: mvua.

Siku ya Mungu, 12 Novemba

Sijalala. Jina limekwenda, sawa, nitavumilia. Lakini kazi yangu kupewa mawingu!

Émérence amesema Berthe ameniokoa, nimpelekee kuku. Nimempelekea, tena yule mnono. Ni mwanamke mwema sana, shida yake majivuno tu. Hukohuko kwake nimeomba karatasi, nikaandika: Shimo la Shimoni halikuchimbwa na mvua yoyote. Lilichimbwa na Alphonse Kabwe, peke yake, tarehe 9, saa moja mpaka saa sita. Tafadhali sahihisheni. Nimetia sahihi mara mbili, na nimechora njia ya kufika kwangu.

Kamioni imetoka matopeni saa nane. Barua nimempa ajenti mwenyewe mkononi. Amesema ataisoma njiani.

Naandika haya nikiwa kando ya barabara. Kamioni imesimama kule kwenye kona. Inageuka. Inarudi!

Nilijua! Nakimbia kuvaa shati jeupe.